Arusha: tuijadili barabara unganishi na daraja jipya juu ya mto Themi, kati ya Njiro na Unga Limited

MwanaThemi

Habari za jioni wakuu.

Msimamishe mtu yeyote pale Mnara wa Saa saa kumi na moja jioni, umuulize foleni ya Arusha inatoka wapi. Atakujibu magari yamekuwa mengi. Ni kweli yameongezeka, na watu pia tumeongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya Jiji, ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Lakini miji inayokua kwa kasi hiyo ni mingi, na si yote inayokwama kama sisi. Naomba leo tuangalie kitu kingine ambacho sikisikii kikisemwa kwenye vikao: mito.

Fungua ramani ya Arusha. Themi, Naura, Goliondoi, Ngarenaro, Kijenge, na Burka kule magharibi, yote inashuka kutoka Mlima Meru kuelekea kusini. Kila mto umechimba korongo lake, na mji wetu umejengwa kwenye vipande virefu vilivyobaki katikati ya makorongo hayo. Kupanda na kushuka ndani ya kipande chako hakuna shida. Shida ni kuvuka kwenda kipande cha jirani. Hapo wote, wa Njiro, wa Lemara, wa Sinon, wa Muriet, tunarudi kwenye madaraja yaleyale machache ya katikati ya mji.

Njia kubwa za kuvuka kutoka mashariki kwenda magharibi ni tatu. Ya juu ni Sakina–Tengeru, kilomita 14.1 za njia nne, inayopita Mianzini, Sanawari na Philips. Ya kati ni ile ya zamani: Old Moshi Road, Mnara wa Saa, kisha Sokoine hadi Kilombero. Ya chini ni barabara ya mchepuo, kilomita 42.4 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River. Mchepuo umetusaidia, nani atakataa? Lori la kwenda Namanga halina tena sababu ya kukatiza mjini. Ila mchepuo ulijengwa kwa ajili ya anayepita Arusha. Mtu anayekaa Njiro na kufanya kazi Unga Limited hausaidiki nao, kwa sababu uko mbali mno kusini. Na katikati ya Sokoine na mchepuo ndiko mji unakojengwa sasa hivi, nyumba juu ya nyumba, huku watu wakivuka kwa vijia vya mitaani.

Hoja yangu ni hii. Tunahitaji barabara unganishi moja ya lami, ya upana unaoeleweka, inayotoka barabara ya Njiro, inavuka Themi kwa daraja la kudumu, na kutokea upande wa Unga Limited ili iungane na barabara ya kwenda Kwa Mrombo. Si barabara ndefu. Kwa mtazamo wangu, kilomita hizo chache zingeutua mji mzigo kuliko kupanua tena barabara yoyote ya katikati.

Nawaza hasa wagonjwa. Hospitali ya Mount Meru iko upande wa juu. Mama mjamzito akizidiwa Muriet usiku, barabara ni nyeupe, anafika. Akizidiwa saa moja na nusu asubuhi, gari lake linaingia kwenye mkondo uleule wa magari ya shule na ya wafanyakazi. Kila gari la Njiro–Unga Limited tutakaloliondoa pale katikati ni nafasi tunayompa mama huyo.

Kuna pia uwanja mpya wa Olmoti unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, watu 30,000. Sipendi tuitake barabara hii kwa sababu ya wageni wa mwezi mmoja. Lakini kipindi hiki macho ya wenye mafungu yako Arusha, na kukaa kimya sasa kunaweza kutugharimu miaka mingi.

Naomba michango, hasa ya wanaoijua kazi hii.

DerevaNjiro

Mkuu umegonga penyewe kabisa.

Mimi naendesha kifodi, yaani daladala ndogo, ruti ya Njiro–mjini. Kuna abiria kila siku wa kwenda Kwa Mrombo. Nampakia Njiro, yuko kusini tayari. Nampandisha kaskazini hadi mjini, namshusha, anatafuta gari nyingine ya kumrudisha kusini. Nauli mbili. Huyo mtu hakuwa na shida yoyote mjini, hakwenda sokoni, hakwenda benki. Amepita tu kwa sababu hakuna pengine pa kupita. Zidisha huyo kwa gari zote za Njiro, halafu zidisha na wale wanaotoka upande wa pili kuja eneo la viwanda la Themi.

Kipilefti cha Impala asubuhi ndipo mnapoweza kuona hiki anachosema mleta uzi. Angalieni wanaotoka barabara ya Njiro. Wengi mno wanakunja kushoto kuelekea mjini, na nusu ya wale ukiwafuata utawakuta wanapita mji mzima na kutokea Sokoine wanashuka tena.

Jambo moja naomba msilisahau. Barabara ikijengwa na ruti isipokuwepo, mmewajengea wenye magari yao. Ruti zinatolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Barabara ikifunguliwa leo, mimi siruhusiwi kuifuata kwa sababu leseni yangu imeandikwa Njiro–mjini. Nikipita kwingine hiyo ni kukata ruti na faini inanihusu. Kwa hiyo ombi la ruti ya Njiro–Kwa Mrombo moja kwa moja liende pamoja na ombi la daraja, siku hiyohiyo, kwenye barua hiyohiyo. Na vituo vichongwe pembeni, gari iingie ndani kabisa. Mkiweka kituo kwenye kichwa cha daraja bila mahali pa kuingilia, sisi wenyewe ndio tutakaoliziba.

SakinaJuu

Naheshimu hoja, ila naomba nipinge kidogo.

Mwaka 1968 Mjerumani mmoja mtaalamu wa hisabati, Dietrich Braess, alionyesha kwa hesabu kwamba unaweza kuongeza barabara kwenye mtandao na safari ya kila mtu ikawa ndefu kuliko mwanzo. Sababu ni rahisi: kila dereva anachagua njia inayomfaa yeye, wote wanakimbilia kile kiungo kipya, na ncha zake zinajaa. Miji mikubwa duniani imeliona hili. Seoul walibomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon, wakafungua kijito tena mwaka 2005, na mji haukusimama.

Barabara mpya huita magari mapya. Aliyekuwa anapanda kifodi ananunua gari, aliyekuwa anakwenda mara moja anakwenda mara mbili. Tukijenga Themi leo, baada ya muda tutaomba la pili kwa Naura. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye njia za waenda kwa miguu na mabasi makubwa. Wengi wetu Arusha tunatembea, na hatuna pa kutembea. Nenda barabara yoyote ya mtaani mvua ikinyesha uone mama na mtoto wanavyogombania ukingo wa mtaro na bodaboda.

MwanaThemi

SakinaJuu, ahsante kwa hoja nzito. Nakujibu kwa heshima.

Hesabu ya Braess inahusu kiungo kinachowavuta watu waingie kwenye ncha nyembamba zilezile. Kwa hiyo swali letu ni ncha. Daraja la Themi likimwaga magari kwenye kona ya mtaani yenye upana wa gari moja na nusu, basi utabiri wako utatimia mwezi wa kwanza. Ndiyo maana sisemi "daraja" peke yake, nasema barabara unganishi yenye daraja ndani yake, na makutano mawili yaliyosanifiwa, moja Njiro na moja Unga Limited. Makutano ndiyo yanayoamua. Daraja lenyewe gari linalivuka kwa sekunde chache.

Na tofauti nyingine na Seoul: wale walikuwa na treni za chini ya ardhi za kuwabeba watu baada ya kubomoa. Sisi abiria wa DerevaNjiro hana hata ruti ya moja kwa moja. Safari yake ya sasa ni ndefu kuliko inavyopaswa. Ukiifupisha, umepunguza magari katikati ya mji hata kama hujapunguza idadi ya safari.

Angalia Dar. Kabla ya 2022, aliyetoka Masaki au Oysterbay kwenda hospitali za Ocean Road na Aga Khan, pamoja na aliyetoka Mwenge kwenda Posta, wote walibanana kwenye daraja la Selander. Daraja la Tanzanite, kilomita moja na kidogo juu ya maji, liliwatenganisha. Foleni ya Dar haikuisha, lakini lile fundo mahususi lililegea.

Kuhusu waenda kwa miguu nakubaliana nawe kwa asilimia zote, na ningeomba tuliweke kama sharti. Wanaotembea ndio watakaolitumia daraja hili kwanza. Mfanyakazi wa kiwandani anayeishi ng'ambo ya mto anauona moshi wa kiwanda chake akiwa mlangoni, lakini kwa gari lazima azunguke mji. Njia ya miguu pande zote mbili, pana, yenye ukuta mfupi wa kumkinga na magari, na taa. Bila taa akina mama hawatapita jioni, na watakuwa na haki.

MamaNdiziSokoni

Wanangu hamjambo. Nawasoma toka mwanzo.

Nina biashara ndogo ya ndizi na viazi, na nyumba ya vyumba vinne karibu na huko mnakokuzungumzia. Mnazungumza vizuri kuhusu foleni, lakini mimi nikisikia barabara mpya kitu cha kwanza ninachokiona ni alama ya X ukutani, ile ya nyumba ya kubomolewa. Jirani yangu mmoja, upande mwingine wa mji, aliwekewa X akakaa nayo miaka. Hajengi, hakarabati, mpangaji anahama, mwingine akija kuuliza chumba akiiona X anaondoka. Hakuna aliyemwambia analipwa lini wala kama analipwa.

Sipingi daraja. Wajukuu zangu wanasoma ng'ambo na masika moyo wangu hautulii hadi warudi. Nataka mtu anieleze: wakija kwangu, haki yangu ni ipi?

MthaminiKijana

Mama, shikamoo. Hii ni kazi yangu, ngoja nikueleze kwa utaratibu ili siku wakija uwe unajua.

Kwanza rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi, yaani eneo linalotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Walioko ndani ya zile mita 22.5 za zamani waliwekewa X nyekundu, na hao kwa kawaida hawalipwi kwa sababu wanahesabiwa wamevamia hifadhi. Walioko kwenye mita 7.5 zilizoongezeka waliwekewa X ya kijani, na hao wana haki ya fidia. Barabara mpya kabisa inayopita kwenye viwanja vya watu ni habari nyingine: pale hapakuwa na hifadhi, kwa hiyo ardhi inatwaliwa na fidia lazima ilipwe.

Fidia yenyewe si bei ya tofali tu, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki. Kwa kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi, unalipwa thamani ya soko ya ardhi na vyote vilivyoko juu yake, hadi mgomba. Juu ya hapo kuna posho ya usumbufu. Kuna posho ya usafiri, inayopigwa kwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 hadi umbali wa kilomita 20. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yako zidisha mara 36. Na kwa biashara kuna hasara ya faida, nayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Mama, hiyo ya mwisho shika vizuri. Anza leo kuandika daftari la mauzo na manunuzi. Mthamini hawezi kukuandikia faida asiyoiona kwenye karatasi, na wauza sokoni wengi hawana karatasi.

Siku ya uthamini uwepo wewe mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa awepo. Hakikisha kila chumba, choo, kisima, uzio na mti vimehesabiwa kabla hujasaini fomu, na upigwe picha ukiwa mbele ya nyumba yako.

Kuhusu kukaa na X miaka: Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema malipo yafanyike ndani ya miezi sita, yakichelewa kuna riba, na ikipita miaka miwili bila malipo uthamini ule umekufa, lazima urudiwe kwa bei mpya. Jirani yako aulize tarehe ya uthamini wake. Inawezekana anasubiri malipo ya karatasi iliyokwisha muda.

Sehemu ngumu ni kingo za mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Waliojenga huko, hata kama wamekaa miaka mingi, madai yao ya ardhi yatabishaniwa. Ni bora wajulishwe mapema kwa mkutano wa mtaa kuliko kuambiwa siku ya tingatinga.

MamaNdiziSokoni

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Hilo la daftari hakuna aliyewahi kuniambia. Naanza kesho.

FundiMstaafu

Nimefanya kazi za barabara na madaraja hadi kustaafu. Vijana mmejadili foleni na mmejadili fidia, sasa niwape habari za mto wenyewe, maana nimeona watu wakiuchukulia Themi kama mtaro.

Kilele cha Meru kiko zaidi ya mita 4,500. Mjini hapa tuko kama mita 1,400. Maji yanaanguka zaidi ya mita elfu tatu kwa umbali mfupi. Ndiyo maana unaweza kusimama Lemara jua linawaka, na mto ukajaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani ambayo wewe hukuiona. Maji hayo hayaji peke yake. Yanabeba mawe, magogo, vigogo vya migomba, na siku hizi chupa za plastiki na magodoro. Aprili 2024 kule Muriet gari la wanafunzi lilisombwa kwenye korongo na tukawazika watoto. Sitaki mtu anayepanga kivuko chochote Arusha aisahau siku hiyo.

Kwa hiyo neno langu la kwanza: msikubali kalavati, yaani matundu ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara. Najua litaletwa, kwa sababu ni rahisi na linaonekana imara. Kalavati la matundu matatu au manne linafaa mahali maji yanapotembea taratibu. Kwenye mto wetu zile kuta za katikati ndizo zinazokamata takataka. Gogo moja likikaa kwa kukingama, migomba inalifuata, chupa zinajaza mapengo, na ndani ya saa moja barabara yako imekuwa bwawa. Maji yakikosa pa kupita yanapanda juu ya tuta na kulikata. Mmepoteza kivuko na nyumba za pembeni pia.

Linalotakiwa hapa ni daraja la mhimili, ambalo halina nguzo ndani ya mkondo. Makorongo yetu ni membamba na yenye kina, hiyo ni bahati, maana mihimili ya zege yenye nyaya zilizovutwa inaweza kuruka mita 30 bila kuguswa katikati. Upande wa chini wa mhimili ukae juu ya kimo cha mafuriko makubwa, na kuachwe nafasi ya kupitisha gogo. Mafuriko gani? Mhandisi atawaambia amesanifu kwa mafuriko ya miaka 50 au ya miaka 100, yaani makubwa kiasi cha kutarajiwa kama mara moja tu kwa muda huo. Muulizeni ametumia takwimu za mvua za miaka ipi. Mji umeezekwa mabati na kuwekwa lami tangu wakati huo, maji ambayo zamani yalinyonywa na mashamba ya kahawa na migomba sasa yanafika mtoni ndani ya dakika. Takwimu za zamani peke yake zitampa daraja fupi.

La pili ni msingi. Madaraja mengi hayavunjiki kwa uzito wa magari, yanakufa kwa kuchimbwa chini. Maji ya kasi yanakula udongo mbele ya msingi, na udongo wetu wa volkano ukilowa unakatika vipande. Mtu anapita juu kila siku, haoni kitu. Lazima wachoronge ardhi pande zote mbili hadi wapate mwamba au tabaka gumu, waweke msingi huko, na kingo zikingwe kwa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kuanzia juu ya daraja hadi chini yake. Na gabioni zinahitaji kukaguliwa kila baada ya masika, nyaya zinakatwa na mawe, na zinaibiwa.

La tatu, tuta la kuingilia. Kuna tabia ya kufupisha daraja ili kupunguza gharama, halafu sehemu iliyobaki ya bonde inajazwa kifusi. Dar wamelipa bei ya jambo hilo pale Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara inafungwa, na sasa mpango ni kujenga daraja refu la juu. Bonde ni mali ya mto hata mwaka ambao mto haulitumii.

SakinaJuu, wewe umesema tutaomba la Naura baadaye. Huenda. Lakini daraja lililojengwa namna hii litatumika na vitukuu vyako.

MtuWaPasua

Salamu kutoka Moshi. Sisi huku tuna Karanga upande mmoja na Rau upande mwingine, na tabia ni ileile, Kilimanjaro badala ya Meru. Anayosema mzee kuhusu jua kuwaka huku mto ukijaa, huku kila mtoto anajua. Hongereni kwa kuanza mazungumzo kabla mji haujawafunga kabisa. Moshi bado tuna nafasi ya kutenga njia za barabara unganishi upande wa Pasua na Njoro kabla viwanja havijaisha, na sioni mtu akitenga.

Levolosi77

Wakuu, mpaka sasa hakuna aliyetaja fedha. Nani analijenga?

Ikiwa barabara ya mkoa au kuu, ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ikiwa barabara ya wilaya, ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Fedha za Mfuko wa Barabara kwa miaka mingi zimegawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, wakati TARURA ndiyo yenye zaidi ya kilomita 144,000 na TANROADS ina kama 37,000. Ile shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliyoongezwa mwaka wa fedha 2021/22 iliisaidia TARURA, lakini daraja la mhimili analolisema mzee haliwezi kutoka kwenye fungu la matengenezo la wilaya. Ama barabara hii ipandishwe hadhi iwe ya mkoa, ama iingizwe kwenye mradi mkubwa wa miji kama TACTIC, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia kwa halmashauri 45. Njia zote mbili zinaanza na karatasi moja: kikao cha kata, kisha baraza la madiwani, kisha bodi ya barabara ya mkoa. Kelele za mitandaoni peke yake hazifiki kwenye bodi ya barabara.

SakinaJuu

Nimesoma maelezo ya mzee mara mbili. Shikamoo mzee.

Bado nina wasiwasi kuhusu magari kuongezeka, na nitaendelea kuusema. Lakini kama masharti ni njia pana za miguu zenye taa, ruti ya vifodi ya moja kwa moja, na makutano yaliyosanifiwa kabla ya daraja, mimi nitasaini. Naomba liongezwe moja: upande wa kingo zile mita 60, baada ya ujenzi, zipandwe miti na zisigeuzwe vibanda na gereji. Daraja likifunguliwa kila mtu atataka kufungua duka kwenye kichwa chake, na baada ya mwaka njia ya miguu itakuwa imejaa meza za biashara.

MwanaThemi

Ahsanteni sana wakuu, mmeifanya hoja iwe na mwili.

Nitaandika barua kwa kamati za maendeleo za kata zinazoguswa pande zote mbili za mto, maana ombi la upande mmoja litaonekana ni la watu wa Njiro kujitafutia njia ya mkato. Ndani yake nitaweka la makutano, la njia za miguu na taa, la ruti, la mita 60 na miti, na sharti la mzee kwamba pasiletwe kalavati. Suala la fidia nitaomba MthaminiKijana aliandike mwenyewe kwa lugha hii aliyotumia kwa mama, ukurasa mmoja, ili tulisambaze mitaani kabla hata ya upembuzi yakinifu kuanza. Watu wakijua haki yao mapema hawatakuwa na sababu ya kuupinga mradi mahakamani, na wapimaji hawatafukuzwa na mbwa.

Mzee FundiMstaafu, swali moja kwako: mahali pa kuvukia tupendekeze sisi au tuwaachie wahandisi?

FundiMstaafu

Waachieni wachague, lakini wapeni mnachokijua. Mhandisi mgeni atakuja kiangazi, ataukuta mto ni mwembamba, atapima. Ninyi mnaoishi pale mnajua maji ya 2024 yalifika wapi. Nendeni na mwenyekiti wa mtaa na wazee wa hapo, muweke alama za rangi kwenye miti, kuta na mawe mahali maji yalipofikia, pande zote mbili, na mpige picha zenye tarehe. Chagueni sehemu tatu hivi ambazo mto umenyooka. Kwenye kona maji yanakula ukingo wa nje kila mwaka, msijenge hapo hata kama ardhi ni ya bure. Alama hizo zikiambatanishwa na barua yenu, hakuna msanifu atakayeweza kusema hakujua.

DerevaNjiro

Mimi Jumapili asubuhi nina gari, haina abiria saa hizo. Wanaotaka kwenda kuweka alama na mzee tukutane kituo cha Njiro, nawachukua bure. Wa upande wa Unga Limited mniambie mtasubiri wapi, maana kwenu itabidi nizungukie mjini.